Kichanga wa wiki 3, Dar mpaka Mwanza kwa basi, inawezekana?

SWALI: Dada shikamoo. Nimejifungua salama, mtoto ana wiki 3, sasa bibi yake kule Mwanza anataka kumuona na mume wangu kashasema twende tu na basi. Mi naogopa jamani, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Mi ningekuomba usubiri kidogo, wiki ya 6 mtoto ana chanjo zake na wewe una kliniki yako, mkimaliza hapo ndo muongee safari. Bibi atangoja, mpigieni video kwanza.

Kama ni lazima kabisa, basi msiunganishe moja kwa moja maana Dar Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, pandeni treni ya SGR mpaka Dodoma mlale hapo, kesho yake ndo basi. Njiani mnyonyeshe kila akitaka, na watu watakwambia joto kali mpe maji kidogo, usimpe, maziwa yako yanamtosha mpaka miezi 6. Usimfunike mablanketi matatu kisa dirisha liko wazi, mguse shingoni, akitoka jasho punguza nguo. Na wewe pia basi likisimama shuka utembee, mzazi akikaa muda mrefu damu inaweza kuganda miguuni, hili watu wengi hawalijui.

Kadi ya kliniki iwe mkononi sio kwenye buti. Akichemka kufika 38 au akigoma kunyonya, shukeni hospitali ya karibu hapohapo, nauli mtatafuta nyingine.