Kabla hujabeba mfuko kwenda wodini, uliza kwanza

Jamani sisi watu wa jumuiya za kanisani tunapenda kubeba vitu. Ikifika siku ya kutembelea wagonjwa kila mtu na mfuko wake, sabuni, sukari, juisi, tunapanda kilima cha hospitali ya Bugando hapa Mwanza, tunasali, tunapiga picha (hii ya picha naipinga kabisa, mtu kalala na dripu we unamweka status?), tunashuka. Sio vibaya. Ila kwa muda niliofanya hii huduma naona watu wengi wanachohitaji wala hakiingii kwenye mfuko.

Bugando toka 1971 inapokea watu wa kanda ya ziwa, yaani mtu anatoka kisiwa cha Ukara, anavuka mpaka Bugolora, anatafuta usafiri wa Nansio, ndo apande meli ya Mwanza, mjini hana hata ndugu. Mgonjwa angalau ana kitanda na nesi, anayemuuguza je? Nilimkuta mama mmoja kajikunyata pembeni ya kitanda cha mwanae, nikamwambia shikamoo mama, nikusaidie nini, nikanyamaza. Akanyamaza na yeye, muda mrefu tu, mpaka nikawa naona aibu. Mwisho akasema mwanangu naomba unichajie simu, nyumbani hawajui hata kama tulifika. Ningeanza na maombi ningeondoka bila kulijua hilo, na yeye angeitikia amina vizuri tu.

Yesu mwenyewe alimuuliza kipofu "Wataka nikufanyie nini?", iko Luka 18, na kila mtu pale alikuwa anaona kabisa kwamba yule ni kipofu. Na marafiki wa Ayubu tunawasema sana lakini zile siku saba walizokaa naye chini bila kuongea walikuwa sawa kabisa, kilichowaharibia ni kufungua mdomo.

Sasa hii sio ya hospitali tu. Kule mialoni wanakoshusha samaki ziwani, Igombe na Kayenze, kuna akina mama wa dagaa ambao jumuiya ilikuwa inawasema hawatoi michango. Tukaenda kukaa nao, sio kudai, kukaa. Ndo wakatueleza dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na hela inakuwa hakuna, na sisi tulikuwa tunapitisha daftari wiki hiyohiyo! Tukahamisha tarehe. Halafu wakasema kama mnataka kutusaidia kweli, mvua ikianza kabla dagaa hawajakauka njooni mkimbie na sisi kuwakusanya, maana wakilowana wanaoza na mtaji umekwenda. Basi ibada yetu siku nyingine ni kuvuta turubai tu huku mtu unanuka dagaa mpaka jioni.

Kwa anayeanza, simu iache mfukoni, usimkatishe mtu kwa "hata mimi yalinikuta", usiahidi hela ambayo huna. Na ukiambiwa siri isifike kwenye kikao kama ombi la maombi, wengi tunaumbuana hivyo. Isipokuwa mtu akikwambia anapigwa nyumbani au anataka kujiua, hapo usibaki nalo peke yako, mwambie wazi kwamba hili linahitaji msaada zaidi, msindikize kwa padri au mchungaji na ustawi wa jamii, na ukifika naye usimwache mlangoni, ingia ukae naye mpaka ahudumiwe.