Muhuri wa ajabu kwenye stempu ya Uingereza: usikimbilie kushangilia

Nilipokuwa mgeni wa kukusanya stempu kama wewe, nilinunua stempu ya peni moja ya zambarau, ile ya Malkia Victoria yenye nukta kumi na sita kila pembe, kwa bei ambayo siitaji hapa maana mama watoto anasoma. Muuzaji alisema muhuri wake ni B01, yaani posta ya Waingereza iliyokuwa Alexandria, Misri. Ile B niliiona kwa macho yangu mawili. Nilichosahau kuangalia ni stempu yenyewe. Peni ya zambarau ilianza kuuzwa Julai 1881, na posta ya Alexandria ilifungwa Machi 1878. Nikarudi na kioo cha kukuzia: B yangu ilikuwa 8 iliyojaa wino. 801, mji fulani huko huko Uingereza. Thamani yake kikombe cha kahawa, tena bila kashata.

Tangu siku hiyo naanza na stempu, muhuri baadaye. Stempu hii ilitoka mwaka gani? Posta inayodaiwa ilifunguliwa lini, ikafungwa lini? Tarehe zikigongana, kazi imekwisha hata kabla hujatoa kioo.

Namba zenyewe zinasomeka kirahisi ukishajua umbo. Mwaka 1844 kila posta kubwa ilipewa namba ya kufutia stempu. England na Wales namba hukaa katikati ya mistari iliyopangwa kama yai. Scotland mistari hufanya umbo la mstatili, na Ireland umbo la almasi. Kila nchi ilikuwa na orodha yake, kwa hiyo namba moja yaweza kuwa ya miji mitatu. 131 katika mstatili ni Edinburgh. 131 katika yai si Edinburgh hata kidogo. 186 katika almasi ni Dublin.

Kuna kitu kingine wageni wengi hawaambiwi: orodha ya kwanza ya England ilifuata alfabeti. Birmingham ni 75, Bristol 134, Liverpool 466, Manchester 498. Ukipata namba isiyosomeka vizuri, unaweza kukisia mji uko pande zipi za alfabeti, halafu ukalinganisha na mabaki ya herufi kama kuna muhuri wa duara pembeni. Zile namba za nyongeza zilizokuja baadaye hazifuati mpangilio huo, kwa hiyo usiuamini mia kwa mia.

Namba zilipofika 999 wakaanza kuweka herufi mbele: A01, B01, na kuendelea. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ni kweli baadhi ya namba hizo zilikwenda ng'ambo: A25 ni Malta, A26 Gibraltar, C30 Valparaiso kule Chile, C51 kisiwa cha St Thomas huko Karibi. Lakini nyingi zilibaki kwenye posta ndogo ndogo za Uingereza. Herufi peke yake haikufikishi ng'ambo. Na Malta isikutie presha ya bei: stempu za Uingereza zilitumika huko hadi mwisho wa 1884, na za bei ndogo zinapatikana.

Muhuri uliokatika nusu ndio unaozaa "maajabu" mengi. Mimi huipiga picha stempu kwa skana, nikaikuza, nikaondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kisha naweka karatasi ya kupitishia mwanga juu yake na kumalizia duara kwa bikari. Ukishajua kipenyo kwa milimita, unajua kuna nafasi ya herufi ngapi, na majina mengi yanaanguka yenyewe. Herufi ...STER zinaweza kuwa Manchester, Leicester au Gloucester. Pima nafasi kwanza, usichague unaloliombea.

Rangi ya wino nayo ni mtego. Stempu nyeusi ya 1840 ilifutwa kwa muhuri wenye umbo la msalaba, uitwao tu msalaba wa Malta, wa wino mwekundu. Wino ule ulikuwa unafutika, watu wakaogopwa kwamba wataosha stempu na kuzitumia tena, ndipo mwaka 1841 stempu ikawa nyekundu na wino ukawa mweusi. Msalaba wa bluu au wa zambarau upo kweli, ila ni adimu, na adimu huwavuta mafundi wa kughushi. Iweke stempu chini ya taa inayomulika kwa ubavu. Wino ukionekana ni nukta nukta za mashine ya kuchapia ya kisasa, rudisha. Maumbo ya pekee ya msalaba kutoka Norwich, Kilmarnock na Wotton-under-Edge mimi siyanunui bila cheti cha mtaalamu.

Na ukiona peni ya zambarau iliyopigwa sahihi kwa kalamu, hiyo si posta ya kijijini iliyokosa muhuri. Soma maandishi yake: ilikuwa stempu ya barua na ya ushuru. Watu waliibandika kwenye risiti za kuanzia pauni mbili, wakatia sahihi juu yake.

Usidhani mihuri ya kawaida haina kazi, lakini. Mwaka 1898, stempu za zamani za shilingi moja za kijani, zilizogongwa muhuri wa ofisi ya telegramu ya Soko la Hisa la London mwaka 1872 na 1873, zilichunguzwa zikaonekana ni za bandia. Herufi za pembeni zilikuwa za michanganyiko ambayo bamba halisi la kuchapia halina, na karatasi haikuwa na alama ya maji, ile inayoonekana ukiimulika. Muhuri ulikuwa halali, stempu ndiyo feki. Inasadikiwa mtu wa ofisini alikuwa akibandika stempu feki kwenye fomu za telegramu na kutia fedha za wateja mfukoni, na hakukamatwa. Ndiyo maana nakwambia viangalie vyote viwili.

Kwa sisi wa Pwani kuna kimoja cha kukaa macho. Mei 1890 peni ile ile ya zambarau, pamoja na stempu za peni mbili na peni tano, zilichapwa juu jina la Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na bei mpya kwa anna (fedha ya Kihindi ya wakati ule), zikatumika Mombasa na Lamu. Ukiikuta ikiwa bado kwenye bahasha, na muhuri umeanzia kwenye stempu ukamalizikia kwenye karatasi, usiibandue, usiiloweke, usikate hata pembe. Mimi ya kwangu ya namna hiyo niliiloweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, na nusu ya muhuri ikabaki kwenye bahasha niliyokwisha kuitupa.