Muulize Bibi wa Maabara: "Negative" ya nani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilikuwa naungua nikikojoa, hospitali wakauotesha mkojo wangu. Karatasi ya majibu imeandikwa "Gram negative rods, E. coli". Mume wangu akasema negative ni huna kitu, acha dawa. Niliacha siku ya tatu, na sasa naungua tena. Nani mwongo, karatasi au mwili?
Mama Zai, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna mwongo hapo. Aliyeteleza ni baba Zai, na simlaumu, maana kipimo cha VVU kimetuzoesha kwamba hasi ni salama.

Gram ni jina la mtu: Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliyebuni njia ya kuwapaka bakteria rangi mwaka 1884 akiwa Berlin. Kazi hiyo nimeifanya mpaka vidole vikawa vya zambarau, hata harusini nilikwenda navyo. Unapaka tone kwenye kioo, unalipitisha motoni likauke, unamwagia rangi ya zambarau, halafu ayodini, kisha unasuuza kwa spiriti. Uhondo uko hapo kwenye spiriti. Bakteria wenye ukuta mnene hung'ang'ania zambarau yao. Hao ni Gram chanya. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa utando wa mafuta huiachia yote, na ukiwapaka rangi ya pili, nyekundu, wanatoka waridi. Hao ndio hasi. Ni hasi ya rangi tu. Bakteria wa kipindupindu na wa taifodi nao ni Gram hasi. Muulize mzee kama hao nao si kitu.

"Rods" ni vijiti, yaani umbo lao. E. ni Escherichia, kutokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyewaeleza mwaka 1885. Coli ni ya utumbo mpana. Huko ndiko kwao, na wengi wao hukaa bila ugomvi. Wako wamehamia njia ya mkojo.

Sasa tazama chini ya karatasi, penye majina ya dawa. Yenye S inawaweza, yenye R wameshakuwa sugu kwayo. Irudishe kwa daktari leo, umwambie wazi kwamba uliacha siku ya tatu. Vidonge vilivyobaki usivimalizie kwa kujiamulia. Ukipata homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje kupambazuke. Na baba Zai aende nawe, akasomewe karatasi.