Book Keeping ndiyo iliyonifaa, Uraia ulinipita bure

Mleta mada anauliza somo gani la shule limetufaa zaidi maishani, na lipi lilikuwa kupoteza muda tu. Wengi hapo juu mmetaja Hesabu na Kiingereza, na lawama mmeitupia Historia. Mimi nina jibu jingine na litakuwa refu kidogo, mnivumilie wakuu.

Lililonifaa kuliko yote ni Book Keeping, somo la kuandika na kutunza hesabu za biashara. Nilisoma shule ya kata huko Kilombero, ambako mchepuo wa biashara ulionekana ni wa walioshindwa Fizikia na Kemia. Mwalimu wetu alikuwa na chaki na rula, basi. Lakini somo lile halidai maabara. Ukiwa na daftari na kalamu unaifanya kazi yenyewe, mwanzo hadi mwisho, kama inavyofanyika ofisini. Kila shilingi unaiandika mara mbili, ilikotoka upande wa krediti na ilikokwenda upande wa debiti, na pande mbili zikikataa kulingana unarudi kusaka ulipoteleza. Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hesabu wa Italia, aliichapisha njia hiyo katika mji wa Venice mwaka 1494, wafanyabiashara wa pale wakiwa tayari wanaitumia, na hadi leo hesabu za benki na za duka la mtaani zinakwenda hivyohivyo.

Mama alikuwa na duka la rejareja: unga, mchele, sukari, sabuni za kipande, mafuta ya kupima. Wateja hawakukatika, lakini kila akienda kufunga mzigo fedha hazitoshi. Akaanza kumshuku kijana aliyekuwa akimsaidia kuuza, na ilikuwa imebaki kidogo tu amfukuze. Nikamwomba anipe mwezi mmoja. Tulihesabu mali yote iliyokuwa kwenye shelefu na stoo, nikatunza risiti za manunuzi, mwisho wa mwezi tukahesabu tena. Mali ya mwanzo jumlisha manunuzi, toa mali iliyobaki, unapata bidhaa zilizotoka. Zilizotoka zilikuwa nyingi kuliko zilizolipiwa, kweli. Ila siku ya kwanza nilikuwa nimetundika kidaftari kwenye mlango wa kuingilia ndani, nikasema yeyote wa nyumbani akichukua kitu aandike. Kilijaa: nusu kilo ya sukari ya chai ya asubuhi, mafuta ya kukaangia, mche wa sabuni, unga wa mgeni aliyelala, mchele wa msiba wa jirani. Nilipojumlisha, pengo karibu lote lilikuwa mle. Duka lilikuwa linaliwa na sisi wenyewe. Darasani tulifundishwa kwamba mwenye duka na duka ni watu wawili tofauti, na anachochukua mwenyewe kinaandikwa kwenye akaunti yake. Kijana yule alibaki kazini, na mama akajipangia kiasi cha kuchukua kila wiki.

Kwenye kodi nako faida ipo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitakiwa kulipa 100,000 kama hana kumbukumbu kamili za hesabu. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mauzo yakiwa milioni 5, mwenye kumbukumbu alilipa 30,000 na asiye nazo 100,000, kwa biashara ileile.

Kwa mnaoitetea Hesabu, nakubaliana nanyi nusu. Humohumo kwenye Hesabu ya kidato cha tatu tuliyosoma sisi kulikuwa na mada ya Accounts, yenye leja (daftari la akaunti), faida na hasara, mpaka mizania (orodha ya mali na madeni). Iliwekwa mwishoni kabisa, baada ya ile ya dunia kama tufe, na wenzangu wa mchepuo wa sayansi waliipitia mbiombio mwaka ukiwa unakwisha. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu Hesabu walikuwa kama robo ya watahiniwa. Hao wengine wengi wanaingia kwenye bodaboda, kilimo na genge, kazi ambazo mada hiyo moja ingewafaa kuliko logarithimu zote. Hili linaniuma sana.

Sasa lililonipotezea muda: Uraia. Siyo kwamba uraia hauna maana, una maana kubwa mno, na ndiyo sababu naukasirikia. Miaka minne tulikariri kwa Kiingereza aina za familia, sifa za kiongozi bora na umuhimu wa alama za taifa. Ukitaja hoja sita zenye maelezo, umefaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, kwamba mle ndani mtu mzima yeyote wa kijiji ni mjumbe, na kwamba halmashauri ya kijiji inatakiwa kusoma mapato na matumizi mbele yetu.

Nililijua hilo ukubwani, nilipohudhuria mkutano kijijini kwa baba. Karatasi ya mapato na matumizi ilisomwa harakaharaka, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa "mengineyo". Nikanyoosha mkono nikauliza mengineyo ni nini, na stakabadhi ziko wapi. Wazee wawili wakaniunga mkono. Mtendaji wa kijiji akaahidi kuleta mchanganuo, na mkutano uliofuata akauleta, ukurasa mzima, baadhi ya vitu vikiwa havina stakabadhi hata moja. Ujasiri wa kuuliza vile niliupata kwenye Book Keeping.

Ningepewa nafasi ya kupanga, vipindi vya Uraia vya kidato cha pili ningevihamishia kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa. Wanafunzi wakae nyuma na madaftari, waandike kilichosomwa, kesho yake wakijumlishe darasani kwa Kiswahili waone kama kinalingana. Mwalimu wa Uraia na wa Book Keeping wangesimamia pamoja.