Jibu: Swichi inasahau VLAN kila stima ikipotea? Usiitupe kwanza

Wa aleikum salaam ndugu. Nimelisoma swali lako mara mbili nisije nikajibu kwa pupa. Swichi ya mtandao, ya poti 24, ya nyumba ya wageni. Stima ikipotea, VLAN zote (ile mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi moja) zinapotea nayo. Ukurasa wa usimamizi haufunguki kwenye laptopu mpya. Na grafu ya trafiki haivuki megabiti 110 na kitu hata wageni wakijaa. Mwenye nyumba anataka itupwe inunuliwe nyingine. Mwambie avute subira. Nimehangaika na swichi za namna hiyo hapa Mombasa miaka mingi, kuanzia maduka ya Digo Road hadi hoteli za Nyali, na haya matatu nayakuta kila mara. Chuma ni kizima. Kinachokutesa ni programu iliyomo ndani.

Tuanze na VLAN. Swichi ina mipangilio miwili: ule unaotumika sasa hivi, uliopo kwenye RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika), na ule ulioandikwa kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika), ambao huusoma inapowaka. Ukibofya Apply umegusa ule wa kwanza tu. Kila kitu kinakwenda, unakunja kebo zako, unalipwa, unaenda zako. Wiki mbili baadaye stima inapotea, na ikirudi swichi inasoma ule wa zamani. Kitufe cha Save mara nyingi wamekificha kwenye kona ya juu au ndani ya menyu, na kuna programu ambazo hazikukumbushi hata unapotoka. Hifadhi, kisha chomoa waya wa umeme kwa mkono wako mwenyewe, uone swichi ikirudi na VLAN zake. Mimi siondoki kwa mteja kabla sijachomoa. Wapo wanaonicheka.

Faili la akiba pia lichukue, lakini usiliamini sana. Ukibadilisha modeli, na wakati mwingine hata toleo la programu ya ndani tu, linakataliwa. Ndiyo maana nabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: poti gani, VLAN gani, kifaa gani. Tumia kalamu ya risasi. Wino huku kwetu kwa unyevu hautoboi mwaka.

Ukurasa usiofunguka: Chrome na Firefox ziliachana na TLS 1.0 na 1.1 (njia za zamani za kuficha mawasiliano ya kivinjari) mwaka 2020, na Flash, ile programu ya Adobe ya kwenye kivinjari, nayo ikazikwa mwisho wa mwaka huo huo. Swichi ya kabla ya hapo huenda haijui lugha nyingine. Tafuta kwanza programu mpya ya ndani kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ikikosekana, tenga laptopu kuukuu kwa kazi hiyo tu, isiguse intaneti kamwe. Yangu betri imekufa na herufi R haibonyezeki, kwa hivyo nywila ninazoweka... haya, niishie hapo.

Grafu ndiyo iliyonifurahisha, maana namba uliyoitaja ndiyo iliyomfichua mwizi. Kihesabio cha zamani cha SNMP (njia ambayo programu ya grafu huiuliza swichi takwimu zake) ni cha biti 32. Kikifika baiti bilioni 4.29 hivi kinarudi sifuri, na kwenye laini ya gigabiti iliyojaa hilo ni suala la sekunde 34. Programu yako ikiuliza kila baada ya dakika 5, kihesabio kimeshazunguka mara kadhaa nayo haina habari. Kiwango cha juu kabisa inachoweza kukuchorea ni megabiti 114 kwa sekunde. Isomeshe ifHCInOctets na ifHCOutOctets (namba za data inayoingia na inayotoka), ambazo ni za biti 64, kwa SNMP toleo la 2c au la 3. Toleo la 1 haliziwezi. Kama swichi yako haina hizo, uliza kila sekunde 30, ila CPU za swichi ndogo huchoka upesi na ukurasa wa usimamizi utakuwa mzito.

Saa ya kwenye logi inayorudi 1970 au 2000 isikutie hofu, nyingi hazina betri. Weka NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao), UTC+3, basi.

Sasa lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo: unataka kuhamishia usimamizi VLAN 99 ukiwa nyumbani. Hapo simama. Jumamosi moja usiku niko kwangu Likoni, nimevaa kikoi, kahawa mkononi, nafanya hivyo hivyo kwenye hoteli ndogo Nyali. Nikahamisha usimamizi kabla ya kuipitisha VLAN mpya kwenye poti iendayo kwa ruta. Nikabofya Apply. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukabaki mweupe. Nikavaa suruali, kebo ya konsoli (ya kuingia kwenye swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao) mfukoni, nikapanda feri, kisha matatu hadi ng'ambo ya daraja la Nyali. Swichi iko stoo ya mashuka, joto la pasi bado limo ndani, askari ananimulikia kwa tochi ya simu. Nikachomeka konsoli, na poti yenyewe imeliwa na chumvi, haishiki. Nikabaki nimeduwaa.

Askari akauliza, "Kwani huzimi ukawasha, fundi?"

Nikazima, nikawasha. Sikuwa nimehifadhi, kwa hivyo ikarudi na mipangilio ya zamani, nikaingia kama kawaida. Kile kile kilichokuudhi wewe ndicho kilichoniokoa mimi. Ningempigia simu tu achomoe waya, kahawa yangu isingepoa.

Kwa hivyo badilisha, jaribu kuingia upya, ndipo uhifadhi. Ikiwa ni Cisco yenye IOS (programu ya ndani ya Cisco), tanguliza amri ya reload in 10, yaani ijiwashe upya baada ya dakika 10, na ukishaingia salama, ifute kwa reload cancel. Na namba ya askari uwe nayo.