Doa la ndimu kwenye marumaru

SWALI: Asalaam alaykum. Kaunta ya jikoni kwetu ni marumaru nyeupe. Ndimu zilipokamuliwa yamebaki mabaka yaliyofifia, hata nikisugua hayatoki. Nibadilishe niweke graniti? – Mama wa Chake Chake

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Usisugue tena, hilo si doa. Marumaru asili yake ni chokaa, kama mawe ya matumbawe. Ndimu, siki na ukwaju huila, na kilichoondoka ni ule mng'aro wenyewe. Dawa ni fundi wa mashine aisage na kuing'arisha upya. Kuipaka dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe huzuia manjano na mafuta ya nazi yasizame, lakini asidi haizuii.

Kwa jiko la kizanzibari, naam, graniti. Dukani omba kipande cha jiwe, kikamulie ndimu, ngoja dakika 10, futa. Kikififia, umeuziwa marumaru kwa jina la graniti. Unene wa milimita 20 una uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, basi kabati lililolika na mchwa lisibebeshwe. Pembe za tundu la sinki zikatwe kwa mviringo. Pembe kali ndipo ufa unapoanzia, na kinu kisitwangiwe hapo.

Mara moja kwa mwaka dondosha maji juu ya graniti. Yakiacha weusi baada ya dakika 15, paka dawa ya kuziba mawe, na ya ziada uifute kabla haijakauka, isije ikaganda utando. Kila siku sabuni ya vyombo yatosha.