Vidonge vyote kwa mkupuo mmoja, ni salama?

SWALI: Nina umri wa miaka 52 na hedhi yangu imekoma. Kila asubuhi nameza kwa pamoja dawa ya tezi ya shingo (levothairoksini), multivitamini, kalsiamu, vidonge vya madini ya chuma na kidonge cha nywele chenye biotini. Vipimo vya tezi havitulii. Je, virutubisho hivi vinaniumiza?

JIBU: Kinachokuponza zaidi ni kuvimeza pamoja. Kalsiamu na chuma hunasa levothairoksini tumboni, hivyo sehemu ya dozi haifiki kwenye damu. Meza dawa ya tezi peke yake kwa maji, tumbo likiwa tupu, na usile kitu kabla ya dakika 30 hadi 60 kupita. Kalsiamu, chuma na hata multivitamini, kwa kuwa nayo huwa na madini hayo, ziache hadi saa nne zipite tangu umeze dawa ya tezi. Kalsiamu imeze na chakula cha mchana, isizidi miligramu 500 kwa mara moja. Chuma usiku, mbali na chai na kahawa.

Ukibadilisha ratiba, mwambie daktari wako. Dawa itafyonzwa vizuri zaidi, na dozi ya zamani huenda ikawa kubwa: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupotea. Damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Biotini haiharibu tezi, inaharibu kipimo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Vidonge vya nywele aghalabu vina 5,000 au 10,000. Kiasi hicho huweza kuvuruga vipimo vya maabara, majibu yakaonyesha tezi inafanya kazi kupita kiasi ilhali sivyo. Iache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Na chuma, nani alikuandikia? Baada ya hedhi kukoma mahitaji hushuka hadi miligramu 8 kwa siku, na mwili hauna njia ya kutoa ziada. Kama hujapimwa akiba ya chuma (feritini), pima kwanza kabla ya kufungua chupa nyingine. Iliyopo ifungie mbali na watoto. Vidonge vichache tu vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.